Kuendesha Programu za Zamani kwenye Kompyuta Zilizochoka za Ofisini

Chama kimoja cha akiba na mikopo nilichokihudumia kwa miaka mingi kilikuwa kikitunza hesabu za wanachama wake wote ndani ya kompyuta moja iliyokaa karibu na dirisha la keshia. Ilikuwa na Windows XP, RAM ya megabaiti 512, na diski kuu iliyokwisha kuanza kugonga kila asubuhi inapowashwa. Programu ya hesabu iliandikwa kwa Visual FoxPro 6, lugha iliyotoka mwaka 1998, na mtu aliyeiandika alikuwa amefariki bila kumwachia yeyote msimbo wake, yaani maandishi ya asili ya programu. Uongozi uliniita kwa ombi lililoonekana dogo: "Fundi, tuwekee Windows mpya ili mashine iwe nyepesi."

Nilikataa, na sababu ya kukataa ni ofisi nyingine ambako miaka michache nyuma nilikubali ombi kama hilo. Kule nilinakili folda ya programu, nikafuta diski, nikasakinisha Windows upya, na jioni nikagundua kwamba programu ilikuwa ikiandika data zake katika folda tofauti kabisa ambayo sikuinakili. Tuliokolewa na vitabu vya risiti. Watumishi wawili waliingiza miamala upya kwa muda wa wiki tatu, na hadi leo naona uchungu nikikumbuka jinsi walivyonyamaza nilipowaeleza kilichotokea. Ushauri wote ninaoutoa hapa umetokana na siku hiyo: usiguse chochote katika kompyuta ya zamani kabla hujahakikisha kwamba kila kilichomo ndani yake kipo pia mahali pengine, na kwamba nakala hiyo umeijaribu na ikafunguka.

Kunakili ninakokusema ni kunakili diski nzima, pamoja na Windows yake, draiva zake (programu ndogo zinazoendesha vifaa) na mafaili yaliyofichwa, wala si kuburuta folda mbili tatu kwenye flashi. Mimi hutumia Clonezilla, ambayo ni ya bure na huwashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi au CD bila kuigusa Windows iliyomo. Ikiwa kompyuta ni ya zamani kiasi kwamba haiwezi kuwaka kwa flashi, itoe diski na uiunganishe kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya USB. Hakikisha tu kwamba adapta hiyo inakubali IDE, muunganisho wa zamani wa diski wenye pini 40, kwa kuwa nyingi zinazouzwa siku hizi ni za SATA, muunganisho mpya zaidi, peke yake. Diski ikiwa imeanza kugonga au kukwama, kama ilivyokuwa ya chama kile, usithubutu kuanza na kazi ya kuirekebisha kwa programu ya Windows ya kukagua diski, maana ukaguzi huo huilazimisha diski mgonjwa kusoma na kuandika mfululizo na unaweza kuimaliza. Tumia ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zilizo salama na kuziacha mbovu, kisha huzirudia zile mbovu taratibu. Kwa diski ya gigabaiti 40 kazi hiyo ilinichukua usiku mzima, na nilikaa pale pale hadi ilipokwisha.

Baada ya nakala ya diski huja nakala ya data zenyewe. Programu za FoxPro huhifadhi kumbukumbu katika mafaili yenye kiambishi DBF, lakini maelezo marefu hukaa katika faili la FPT lenye jina lilelile, na faharasa, orodha inayosaidia kutafuta kumbukumbu haraka, hukaa katika CDX. Nimewaona watu wakinakili DBF peke yake, kisha wakashangaa jedwali linapokataa kufunguka. Nakili yote matatu kwa pamoja, programu ikiwa imefungwa kwa kila mtumiaji. Faida kubwa ya DBF ni kwamba LibreOffice Calc huifungua moja kwa moja kama karatasi ya hesabu, hivyo hata kama programu ingekufa kabisa, majina ya wanachama na salio zao bado yangesomeka. Nilipofanya hivyo katika chama kile, nilijumlisha safu ya akiba na kuilinganisha na ripoti ya mwisho wa mwezi iliyochapishwa kwenye karatasi. Jumla mbili zililingana hadi senti, na hapo tu ndipo nilipoanza kufikiria hatua iliyofuata.

Hatua hiyo ni kujua programu yako ni ya aina gani. Programu ya DOS (mfumo uliotumika kabla ya Windows), au ya Windows ya biti 16, haiwezi kuendeshwa na Windows yoyote ya biti 64, kwa sababu sehemu iliyokuwa ikizipokea programu hizo haimo tena. Windows 7 na Windows 10 za biti 32 bado zina uwezo huo, lakini Windows 11 imetolewa kwa biti 64 tu. Kuna mtego mwingine hapa: programu yenyewe inaweza kuwa ya biti 32 huku faili lake la usakinishaji likiwa la biti 16, ndiyo maana CD ya zamani hukataa kuanza ilhali programu, ukiinakili pamoja na mafaili yake ya msaada ya DLL, inafanya kazi bila shida. Kosa la "nafasi haitoshi" kwenye diski yenye mamia ya gigabaiti tupu nalo lisikutishe, kwani mafaili mengi ya usakinishaji ya zamani hushindwa kuhesabu nafasi inayozidi gigabaiti mbili.

Programu ya biti 32 mara nyingi itakubali kuendeshwa kwenye Windows mpya, na hapa ndipo penye hatari ambayo watu wengi hawaioni. Tangu Windows Vista, programu isiyo na ruhusa ya msimamizi haiwezi kuandika ndani ya folda ya Program Files. Ili programu za zamani zisikwame, Windows huzihamishia uandishi huo kimyakimya katika folda iitwayo VirtualStore, iliyo ndani ya akaunti ya kila mtumiaji. Katika ofisi moja niliitwa kwa sababu makarani wawili waliokuwa wakipokezana kompyuta ileile walikuwa na salio tofauti za mteja yuleyule, na kila mmoja alikuwa amekwisha kumshuku mwenzake. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alikuwa akiandika katika nakala yake mwenyewe ya jedwali, na meneja, aliyezoea kuifungua programu kwa ruhusa ya msimamizi, alikuwa akitazama nakala ya tatu ambayo haikuwa imebadilika tangu siku ya usakinishaji. Nilitumia siku mbili kuziunganisha nakala hizo, nikiwa nimekaa na makarani wote wawili mezani, risiti kwa risiti. Kwa hiyo, programu ya zamani isisakinishwe kamwe ndani ya Program Files: itengenezee folda yake moja kwa moja kwenye C, kisha wape watumiaji ruhusa ya kuandika humo. Kagua pia mpangilio wa tarehe wa Windows. Ukiuacha wa Kimarekani, tarehe 3 Aprili na tarehe 4 Machi zitabadilishana nafasi bila programu kulalamika, na riba itahesabiwa kwa siku zisizo sahihi.

Kwa chama kile sikuchagua njia hiyo. Nilichagua kuifanya kompyuta yote ya zamani iwe kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu, ndani ya kompyuta nyingine, kwa kutumia VirtualBox, na hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa ofisi yoyote ambayo haina msimbo wa programu yake. Programu hubaki katika mazingira yaleyale iliyoyazoea, mfumo mzima unakuwa mafaili machache yanayoweza kunakiliwa kila jioni, na kompyuta iliyoibeba ikiungua unayahamishia kwenye nyingine na kuendelea na kazi. Si lazima ununue kompyuta mpya. Mimi nilinunua Kariakoo kompyuta ya ofisi iliyotumika, nikaiwekea diski ya SSD na RAM ya gigabaiti 8, na Windows XP iliyo ndani yake ikapewa megabaiti 512 zilezile ilizokuwa nazo, ikawaka haraka kuliko ilivyowahi kuwaka. Kabla ya kulipa, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) uhakikishe kwamba prosesa inakubali kuendesha kompyuta pepe na kwamba kipengele hicho kimewashwa, kwa sababu VirtualBox kuanzia toleo la 6.1 haifanyi kazi bila hicho, na kompyuta nyingi za mitumba huja kikiwa kimezimwa.

Usitarajie kwamba diski iliyonakiliwa itawaka mara ya kwanza. XP iliyohamishwa hupenda kusimama kwenye skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B, na maana yake ni kwamba haitambui kifaa kinachoongoza diski. Mara nyingi tiba ni kuiunganisha diski hiyo kwenye kidhibiti cha IDE badala ya SATA katika mipangilio ya kompyuta pepe, na ikishindikana, kuisajili draiva ya kawaida ya IDE katika kompyuta ya zamani kisha kunakili upya. XP inaweza pia kudai kuthibitishwa leseni upya kwa sababu inaona imebadilishiwa vifaa, hivyo itafute stika ya leseni na usome masharti yake kabla hujaanza.

Uchapishaji ulinipa taabu kuliko yote. Ofisi zetu bado zinapenda printa za nukta zinazogonga utepe, na zina sababu nzuri, kwa kuwa ndizo zinazoweza kutoa risiti na nakala zake za kaboni kwa mara moja. Programu inayochapisha kupitia Windows inahitaji draiva tu. Programu ya DOS, hata hivyo, hutuma maandishi moja kwa moja kwenye LPT1, tundu la zamani la printa lenye pini 25, ambalo kompyuta nyingi za sasa hazina. Printa yenye USB inaweza kukabidhiwa kompyuta pepe, ikashirikishwa humo humo ndani, kisha amri ya "net use lpt1:" ikaelekezwa kwenye jina la printa iliyoshirikishwa. Kama umeiondolea kompyuta pepe kadi ya mtandao, kama nitakavyoshauri hapa chini, amri hiyo itagoma hadi usakinishe kadi ya mtandao ya kubuni inayotolewa pamoja na XP. Mwenye programu ya DOS asiyehitaji XP kabisa anaweza kujaribu vDos au DOSBox-X, programu zinazoigiza DOS ndani ya Windows mpya, zote zikiwa na namna ya kuchapisha, tofauti na DOSBox ya asili ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya michezo.

Kuhusu mtandao sina mjadala. XP iliacha kupata masasisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafikia kikomo chake cha kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu la itifaki ya zamani ya kushirikishana mafaili, kikafunga kompyuta za hospitali nchini Uingereza na za maelfu ya ofisi duniani. Nimewakuta mafundi wakiiwasha tena itifaki hiyo, SMB1, kwenye kompyuta zote za ofisi ili XP moja ionane na wenzake. Naomba usifanye hivyo. Kompyuta pepe ya chama kile haina kadi ya mtandao hata kidogo, na flashi haichomekwi humo, kwa kuwa flashi ndiyo iliyotuletea vile virusi vinavyogeuza folda kuwa shotikati. Hesabu za wanachama ni taarifa za watu, na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayomtaka anayezitunza azilinde.

Wale ambao kwa sasa hawana budi kuendelea na mashine yenyewe ya zamani, waanze na betri ya saa, CR2032 ya volti 3 iliyo kwenye mazabodi. Ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, karani anabonyeza F1 ili kuendelea kuwasha kama alivyozoea, na risiti za siku nzima zinaingia kwenye mwaka usio wao. Ibadilishe kabla haijaisha. Wakati umefungua kasha, puliza vumbi na utazame vile vikopo vidogo vya kapasita: vikiwa vimevimba juu, mashine hiyo haina muda mrefu. UPS nayo ni ya lazima, kwani umeme ukikatika wakati jedwali linaandikwa, faharasa ya FoxPro huharibika. Nyingi ya programu hizi zina mahali pa kujenga faharasa upya, na kila karani anapaswa kufundishwa mahali hapo palipo.

Chama kile kimeendesha programu yake ndani ya kompyuta pepe huku kikiandaa mfumo mpya, na data zilizofunguliwa kwenye LibreOffice ndizo zilizotumika kuujaza. Kwa miezi sita makarani waliingiza kila muamala mara mbili, wa kwanza katika programu ya zamani na wa pili katika mpya, na kila Ijumaa jumla zililinganishwa. Mashine ya awali imewekwa stoo bila diski. Diski yenyewe imo ndani ya bahasha kwenye sefu, pamoja na stika ya leseni, nenosiri la msimamizi na karatasi mbili nilizoandika kwa mkono zikieleza jinsi ya kuirudisha kazi hiyo hata kama mimi sitakuwepo.