Mwalimu, mitihani nimefaulu, mbona nina F?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Niko Columbus, Ohio, hapa Marekani, huu ni mwaka wa pili tangu nitoke Tanzania. Nasoma chuo cha miaka miwili, na nia yangu ni kuhamia chuo kikuu nisomee uhasibu. Muhula huu nina aljebra ya chuo. Mtihani wa kwanza nilipata 84, wa pili 78. Juzi nafungua mfumo wa chuo nakuta nimeandikiwa 54.5, herufi F. Tumeshamaliza wiki 10 kati ya 16. Kazi za nyumbani kweli sifanyi zote, maana naingia zamu kwenye ghala la mizigo saa 4 usiku, na hesabu zenyewe nyingi nilishazimaliza kidato cha tatu na cha nne. Halafu kuna swali nililipata, profesa akanipa 6 kati ya 10. Je, naonewa? Nijitoe kwenye somo? Nimeambatanisha karatasi ya mpango wa somo, orodha ya alama zangu na picha ya hilo swali.
Msomaji, Columbus

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri mno kunitumia ile karatasi, maana bila hiyo ningekuwa napiga ramli. Wanafunzi wengi wanaotoka kwetu hupewa karatasi hiyo siku ya kwanza, wakaikunja na kuisahau kwenye begi. Huku karatasi hiyo ndiyo mkataba wako na profesa. Inasema nini kitahesabiwa, kwa uzito gani, na mwisho lini.

Ya kwako inasema hivi, kwa asilimia: kazi za nyumbani za kwenye kompyuta 25, kwizi za darasani 10, mitihani mitatu 40, mtihani wa mwisho 25. Wastani wa mitihani yako miwili ni 81, na asilimia 81 ya 40 ni 32.4. Kwizi una wastani wa 55, hizo ni 5.5. Kazi za nyumbani una wastani wa 12, hizo ni 3 tu. Jumla 40.9, na kwa kuwa mtihani wa mwisho haujafika, jumla hiyo inagawiwa kwa 75 kisha inazidishwa kwa 100. Inatoka 54.5. Ndiyo hiyo namba uliyoiona. Ubaguzi upo duniani na sitakudanganya kwamba haupo, ila hapa sijauona. Nimeona kazi 15 zilizopita tarehe, na kati ya hizo umegusa mbili.

Najua ilikotoka tabia hii kwa sababu nilikuja nayo mwenyewe. Tanga nilikosoma, daftari la mazoezi mwalimu aliweka vema akarudisha, lakini akili ya kila mtu ilikuwa kwenye mtihani wa taifa. Mwenye kichwa chepesi alicheza mpira mwaka mzima, akakesha miezi miwili, akatoka na A. Nikafika Iowa na akili hiyo hiyo. Muhula wa kwanza, kwenye somo ambalo kila mtihani nilikuwa miongoni mwa watatu wa juu, nikaambulia C. Nililia kwenye ngazi za maktaba. Sasa nafundisha somo hilo hilo, mwaka wa 14 huu, na kila muhula namwona mtoto mmoja au wawili wa Afrika Mashariki wakiingia shimo lile lile wakiwa na uwezo wote wa kupata A. Inaniuma, ndiyo maana jibu langu litakuwa refu.

Elewa kitu kimoja kuhusu krediti. Somo lako ni la krediti 3. Kanuni ya serikali kuu ya Marekani inachukulia krediti moja kuwa saa moja darasani na zisizopungua saa mbili za kazi nje ya darasa kila wiki, kwa muhula wa wiki kama 15. Maana yake aljebra peke yake inakudai saa 9 kwa wiki, 6 kati ya hizo ukiwa peke yako na kalamu. Profesa anapokupangia kazi nyingi hakukomoi. Anajaza saa ulizozilipia ada.

Sasa swali la picha. Uliambiwa utafute x: kipeuo cha pili cha x + 7 ni sawa na x − 5. Ukapandisha pande zote mbili kwa kipeo cha pili, ukapata x² − 11x + 18 = 0, ukaivunja vizuri kuwa (x − 9)(x − 2) = 0, ukaandika x = 9 au x = 2 na kuzungushia duara. Kazi safi mpaka hapo. Lakini rudisha 2 kwenye mlinganyo wa mwanzo. Kushoto unapata kipeuo cha pili cha 9, yaani 3. Kulia 2 − 5, yaani hasi 3. Hazilingani! Ile 2 ilizaliwa pale ulipopandisha kwa kipeo cha pili, kwa kuwa 3 na hasi 3 zote zikipandishwa zinatoa 9. Jibu ni 9 peke yake. Kwa hiyo hukulipata swali, mwanangu, ulilipata pamoja na kitu kisicho chake, na profesa aliandika pembeni kwa kalamu ya kijani “hakiki”. Alama 4 zilikuwa za mstari huo mmoja wa kuhakiki. Kazi ya nyumbani namba 6, ambayo hukuifungua, ilikuwa na maswali 12 ya aina hiyo. Nimeiona kwenye orodha yako.

Hilo ndilo jibu langu kwa “nilishazimaliza kidato cha nne”. Vipeuo, milinganyo na grafu umevisoma, kweli. Ila wiki zilizobaki karatasi inaonyesha logi na vipeo vyake, halafu milinganyo ya pamoja ya herufi tatu. Huko kumbukumbu ya kidato cha nne haitakufikisha.

Ujitoe? Nimekupigia hesabu mbili. Ya kwanza: usiguse tena kazi za nyumbani, kwizi upande hadi 70, mtihani wa tatu upate 85. Utaingia mtihani wa mwisho na 41.8. Ukipata 100 kamili utaishia 66.8, hiyo ni D. Ya pili: kwizi na mtihani vile vile, ila kazi 9 zilizobaki kati ya 24 uzifanye zote vizuri. Wastani wa kazi unatoka 12 unafika 45, unaingia mtihani wa mwisho na 51.2, na hapo ukipata 76 una C yako. Mtu wa 84 na 78 anaiweza 76. Mimi kwa namba hizi ningebaki.

Ila nenda kwanza kwa profesa, wiki hii. Saa zake za ofisi zimeandikwa juu kabisa ya karatasi: Jumanne na Alhamisi, saa 8 hadi saa 9 na nusu mchana. Sisi tumelelewa kwamba kuitwa ofisini ni kosa, kwa hiyo hatuendi. Huku saa hizo zimewekwa kwa ajili yako, na hapungukiwi na heshima yake ukibisha hodi. Mweleze zamu zako za usiku bila kujitetea, umwulize kama kazi zilizopita zinapokelewa kwa nusu ya alama. Wengine hukubali, wengine hukataa. Akikubali hata tano, hesabu yangu inakuwa nyepesi zaidi. Na kwa kuwa mfumo unafunga saa 5 na dakika 59 usiku wa Jumapili, wakati wewe uko ghalani, tarehe yako iwe Jumapili saa 12 jioni.

Ukiona lazima ujitoe, angalia tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya chuo. Herufi W, anayoandikiwa aliyejitoa, haiingii kwenye GPA, yaani wastani wa pointi za masomo yako yote, lakini krediti hizo huhesabiwa kuwa ulizijaribu bila kuzimaliza, na ofisi ya misaada ya ada huangalia hilo. Kama una viza ya F-1, ile ya wanafunzi, usiguse kitufe kabla hujaonana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kwa sababu ukishuka chini ya krediti 12 bila idhini yao unaweza kupoteza hadhi ya viza yako.

SWALI: Mwalimu, mwanangu yuko Marekani, amenitumia matokeo yake ya aljebra, ana D. Baba yake anafurahi, anasema si amefaulu? Mimi sina amani.
Mama, Morogoro

JIBU: Dada yangu, pole kwa mashaka. Kwetu kwenye mtihani wa kidato cha nne D ni alama 30 hadi 44, na kweli ni kufaulu. Huku vyuo vingi huweka D kuanzia 60 hadi 69, kwa hiyo kijana hakulala kama unavyodhani. Lakini D huingiza pointi 1 tu kati ya 4 kwenye wastani, na masomo mengi yanayofuata, pamoja na vyuo vikuu iwapo atataka kuhamia, hudai C. Mpigie, usianze na ukali. Mwulize hivi: “Somo linalofuata linadai herufi gani?” Akisema C, mwulize chuo chake kina utaratibu gani wa kulirudia, na kama herufi mpya inachukua nafasi ya ile ya zamani. Akishindwa kujibu, mwambie aende kwa mshauri wake wa masomo kabla ya usajili wa muhula ujao kufungwa.