Jibu kuhusu kupima mbu wa nyumbani kama wana vimelea vya malaria

Ndugu mleta mada wa Igoma, umeuliza kama unaweza kuwakamata mbu wanaolala kwenye kuta za chumba cha watoto, ukawaponda katika tone la maji na kuwapima kwa kipimo cha haraka cha malaria kama kile cha zahanati. Na kama haiwezekani, uwahifadhije mpaka wafike maabara. Nimefanya kazi ya maabara ya wadudu katika Kanda hii ya Ziwa kwa miaka mingi, kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu kidogo.

Kwa kipimo kile haiwezekani. Kimetengenezwa kunasa hasa protini iitwayo HRP2, ambayo kimelea huitoa kikiwa ndani ya chembe nyekundu za damu ya binadamu. Mbu aliyemnyonya mgonjwa usiku uleule anaweza kuwa na protini hiyo tumboni, na mstari ukitokea utakuwa umempima mtu aliyenyonywa, wala si mbu. Wakati huohuo, mbu wa kuogopwa zaidi ni yule ambaye damu ile ilishameng'enywa zamani na vimelea vimehamia kwenye tezi zake za mate, na kipimo hicho hakikutengenezwa kwa ajili yake.

Hapo ndipo wengi tunapochanganya mambo. Mbu jike wa jamii ya Anofelesi akinyonya damu yenye vimelea vya hatua ya uzazi, vimelea hivyo hujamiiana tumboni mwake, hupenya ukuta wa tumbo na kujenga vifuko kwa upande wa nje. Ni vifuko hivyo ambavyo Ronald Ross aliviona mwezi Agosti 1897 huko Secunderabad, India, alipompasua mbu aliyekuwa amelishwa damu ya mgonjwa. Vifuko hukua, hupasuka na kumwaga maelfu ya sporozoiti, yaani vimelea vya hatua inayoambukiza binadamu, ambazo husafiri katika majimaji ya mwili wa mbu hadi kwenye tezi za mate. Safari yote huchukua takriban siku 10 hadi 14 kutegemea joto, na mbu wengi hufa kabla haijaisha. Kwa hiyo mtu akisema mbu fulani "ana vimelea", mimi humuuliza kwanza vimeonekana sehemu gani ya mwili, kwa sababu anayeambukiza ni yule mwenye sporozoiti katika mate.

Njia ya zamani, ambayo bado naiheshimu kuliko mashine nyingi, ni kumpasua mbu chini ya hadubini. Anatakiwa awe amekufa muda mfupi uliopita, akiwa bado hajakauka. Unamng'oa miguu na mabawa, unamlaza katika tone la maji ya chumvi juu ya slaidi, kisha unakibonyeza kifua kwa sindano moja huku ukivuta kichwa taratibu kwa sindano ya pili. Mkono ukiwa mtulivu, tezi hutoka zikining'inia nyuma ya kichwa, angavu, kila moja ikiwa na ndewe tatu. Unazitenga, unazifunika kwa kioo chembamba na kukikandamiza hadi zipasuke, halafu unatazama kwa ukuzaji wa mara 400. Sporozoiti huonekana kama nyuzi fupi nyembamba zilizopinda kidogo, na zikiwa hai hujongea. Ukishaziona mara moja huzisahau. Tatizo ni kwamba kazi hiyo ni ya mbu mmoja mmoja, na macho huchoka.

Ndiyo maana kwa mbu wengi tunatumia ELISA, kipimo cha maabara kinachonasa protini kwa kingamwili na kuionyesha kwa rangi. Mbu aliyekaushwa hukatwa sehemu mbili. Kichwa na kifua, zilipo tezi za mate, ndizo zinazosagwa, na tumbo huwekwa kando ili damu na vifuko visitudanganye. Maji yake hutiwa katika sahani ya plastiki yenye vishimo 96, ambavyo vimepakwa kingamwili ya kunasa protini ya ganda la sporozoiti. Kishimo chenye protini hiyo hugeuka kijani. Lakini katika vijiji vyetu vya Usukuma, ambako zizi la ng'ombe liko hatua chache tu kutoka mlango wa nyumba, kijani peke yake hakitoshi. Mbu walionyonya ng'ombe au mbuzi wameshaonekana kutoa rangi bila kuwa na sporozoiti yoyote, na hilo linamhusu sana Anofeles arabiensis, ambaye hana shida kumwacha mtu akamfuata ng'ombe. Dawa yake ni rahisi: sampuli iliyogeuka kijani huchemshwa kwa nyuzi joto 100 kwa dakika 10 na kupimwa upya, kwa kuwa protini halisi ya sporozoiti huvumilia joto hilo na kile kinachodanganya hakivumilii. Binafsi siamini takwimu za mbu wenye sporozoiti kutoka maeneo ya wafugaji kama hazisemi iwapo sampuli zilichemshwa.

Kipimo cha vinasaba, yaani PCR, kina uwezo mkubwa zaidi wa kunasa, na tunakihitaji pia kumtenganisha arabiensis na ndugu yake wa karibu, Anofeles gambiae, kwani kwa macho hawatofautishiki. Hata hivyo, ukimsaga mbu mzima, PCR itapokea vinasaba vya kimelea kilichomezwa jana sawasawa na vya kimelea kilichokomaa.

Sasa turudi chumbani kwa watoto wako. Hata katika maeneo yenye malaria nyingi, mbu wenye sporozoiti kwa kawaida ni asilimia chache tu ya mbu wote wa Anofelesi. Tuseme ni 2 kati ya 100. Ukipima mbu 20 wa kwako, uwezekano wa kutompata hata mmoja mwenye sporozoiti ni kama theluthi mbili, na bado chumba hicho kinaweza kuwa cha hatari kwa mwaka mzima. Watafiti hukusanya mbu kutoka nyumba nyingi kwa miezi mingi, kisha huzidisha idadi ya mbu wanaomuuma mtu kwa usiku mmoja kwa uwiano wa wenye sporozoiti. Jibu la namna hiyo ni la kijiji. Kwa nyumba moja halina maana kubwa.

Kuhusu kuhifadhi, kwanza hakikisha unahifadhi mbu wanaohusika. Huku kando ya ziwa, mtego wa taa unaweza kuamkia umejaa wale wadudu wadogo wa ziwani wasiouma, na kati yao Anofelesi ni wachache. Tazama kichwa kwa kioo cha kukuzia: jike wa Anofelesi ana vipapasio virefu sawa na mrija wake wa kunyonyea, na mabawa yake mara nyingi yana madoa. Mweke kila mmoja katika kichupa chake, juu ya pamba kavu iliyofunika punje za silika, zile zinazokuja katika vifuko ndani ya maboksi ya viatu. Usimweke kwenye friji akiwa mbichi bila kumkausha, maana unyevu utamwozesha. Andika kwa penseli tarehe, mtaa, na kama alikamatwa ndani au nje, kisha funga kifuniko vizuri, kwani sisimizi wakimfikia watakuachia mabawa tu.