Muhula mmoja Bayreuth: niliyopaswa kumwambia mdogo wangu

Wiki iliyopita binti mmoja wa mwaka wa pili alinipigia simu. Amepata nafasi ya kwenda Ujerumani kusoma muhula mmoja, na swali lake la kwanza lilikuwa abebe unga kilo ngapi. Nilimjibu: kilo mbili zinatosha, dagaa wakavu wanaruhusiwa, nyama na maziwa haviruhusiwi kuingia. Baada ya kukata simu nikaona sijamwambia lolote la maana. Nayaandika hapa, kwake na kwa mwingine yeyote anayejiandaa.

Mimi nilitoka Dar es Salaam kwenda Bayreuth, mji mdogo wa kaskazini mwa Bavaria, kwa muhula wa baridi. Kwenye karatasi muhula ule unaanza tarehe 1 Oktoba na kuisha tarehe 31 Machi, nawe unahesabu miezi sita. Huna miezi sita. Vipindi vinaanza katikati ya Oktoba, vinasimama kipindi cha Krismasi na mwaka mpya, na katikati ya Februari vimekwisha. Toa hapo siku za kuhangaikia usajili wa makazi, benki na bima ya afya, ndipo utaona kilichobaki. Na katika hicho kilichobaki, mimi miezi miwili ya mwanzo niliipoteza chumbani.

Bweni letu lilikuwa safi na kimya. Jiko tulichangia watu wanane. Kila mmoja anapika chake, anakula, anaosha sufuria, anafunga mlango wake. Nilisubiri nikaribishwe, maana kwetu mgeni hukaribishwa. Hakuna aliyenikaribisha, nikaamini hawanitaki. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zao zinarudishwa nyuma, na ikifika Desemba jua linazama kwenye saa kumi na robo jioni. Giza lile linamwingia mtu moyoni kama hana wa kuzungumza naye. Kila jioni nilikuwa kwenye simu na watu wa nyumbani. Niliyajua ya Sinza na Mwenge kuliko ya korido niliyolala.

Kilichonitoa chumbani ni Kiswahili. Chuo Kikuu cha Bayreuth kina historia ndefu ya masomo ya Afrika, na Kiswahili kinafundishwa pale. Nikaona tangazo ubaoni: mwanafunzi anatafuta mtu wa kuzungumza naye Kiswahili, naye atamsaidia Kijerumani. Utaratibu huo wanauita tandem. Tukawa tunakutana kila Jumanne, nusu saa kwa lugha yangu, nusu saa kwa yake. Siku moja aliniuliza kuna tofauti gani kati ya "nilikuwa nasoma" na "nilikuwa nikisoma". Sikuwa na jibu. Nikaenda maktaba kusoma sarufi ya lugha niliyozaliwa nayo, na nilirudi Dar nikiijua kuliko nilivyoondoka.

Yeye ndiye aliyenifungulia macho kuhusu lile jiko. Aliniambia kwamba kwao kumgongea mtu mlango bila miadi ni kumsumbua, kumwacha peke yake ni heshima. Basi nikabandika karatasi kwenye friji: Jumapili ijayo, saa moja jioni, nitapika pilau, wote mnakaribishwa. Niliweka wiki nzima kabla, kwa sababu kule mtu haalikwi leo kwa leo. Walikuja wote saba, kwa dakika ile ile niliyoandika. Mmoja wao alinichukua Krismasi nyumbani kwa wazazi wake, wakati bweni zima limebaki tupu. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Bayreuth mimi mgeni ndiye niliyetakiwa kuandaa sufuria, na ningeandaa wiki ya kwanza ningepata rafiki miezi miwili mapema. Mdogo wangu, pika wiki ya kwanza.

Kuhusu saa. Kijerumani wakikuambia "halb neun", neun ni tisa, lakini maana yake ni nusu saa kabla ya tisa yao, yaani kwetu saa mbili na nusu asubuhi. Mimi nilifika ofisi ya kusajili makazi saa tatu na nusu. Miadi ilikuwa imepita, nikapangiwa nyingine baada ya wiki tatu. Bila ile karatasi ya usajili sikuweza kufungua akaunti, na bila akaunti fedha ya ufadhili haikuwa na pa kuingia. Nenda na akiba ya kukutosha miezi miwili. Usiitegemee fedha ya ufadhili kama unavyolisubiri bumu, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi, kwa sababu kule hakuna wa kumkopa.

Masomoni hakuna desa, yale maandishi ya kukariri. Mwalimu anakuuliza wewe unaonaje, darasa zima linakutazama, na jibu la kitabuni halimridhishi. Maksi zao zinakwenda kinyume na zetu: 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 umefaulu kwa shida. Insha ndefu ndizo zinazobeba kozi nyingi, na tarehe ya kuzikusanya huangukia mwishoni mwa Machi, pengine umesharudi nyumbani. Andika ukiwa bado kule, maktaba iko mlangoni.

Na mkataba wa masomo, ile karatasi inayotiwa saini nawe, chuo chako na chuo kinachokupokea, uchunge kuliko pasipoti. Wiki ya pili nilibadilisha kozi moja kwa sababu ya ratiba, nikaona saini mpya zitasubiri. Niliporudi kozi hiyo haikuhesabiwa, nikarudia nyingine mwaka uliofuata. Kozi ikibadilika leo, barua pepe iende leo.

Jaketi usinunue kule. Soko la Karume pale Dar, kwenye mitumba, majaketi ya baridi kali hayana wateja wengi na bei yake ni ndogo.

Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa tano, Bayreuth hufanyika kongamano la Kiswahili, na watafiti wa lugha yetu hukutana pale kutoka Afrika na Ulaya. Mimi nilikuwa nimesharudi, sikuangalia kalenda kabla ya kuchagua muhula. Yule binti anaondoka mwishoni mwa Machi. Nimemwomba aende siku zote za kongamano, akae mbele, aulize swali.