Chai iliyoingia moshi makusudi: maswali ya wasomaji

Toleo lililopita tuligusia Lapsang Souchong, chai ya milima ya Wuyi, jimbo la Fujian nchini China, inayokaushwa kwa moshi wa msonobari, tukasema inafifia. Barua zilizofuata tumezichambua, na hizi tano ndizo zinazobeba maswali ya wengi.

Shikamooni wahariri. Mjomba ameniletea pakiti ya chai kutoka Guangzhou. Nilipoifungua ilinuka kama samaki wa kubanikwa. Imeoza au ndiyo hiyo mliyoiandika? (Kariakoo)

Marahaba. Usiitupe. Kwetu chai ikiingia moshi mpishi hulaumiwa, lakini hii imetiwa moshi kwa saa nyingi na watu wanaojua wanachofanya.

Swali lako linalofuata liwe hili: ni ya wapi? Chai ya asili huitwa Zhengshan Xiaozhong na hutoka bonde la Tongmu na milima inayolizunguka. Nje ya hapo hutengenezwa nyingi ya kuiga, na nyingine hupuliziwa tu manukato ya moshi. Weka gramu 3 katika kikombe, mimina mililita 150 za maji yaliyotoka kuchemka, ngoja dakika 2, kunywa, kisha rudia kwa majani yaleyale. Chai nzuri huanza na utomvu wa msonobari. Kikombe cha pili moshi hurudi nyuma na utamu hutokeza, utamu wa tunda la longan lililokaushwa, ambalo kwa ulimi wetu jirani yake ni zabibu kavu. Ukisikia lami tangu mwanzo hadi mwisho, ilifukizwa kwa pupa. Harufu ikitoweka yote kikombe cha pili, ilipuliziwa.

Inatengenezwaje hasa? Nafanya kazi kiwanda cha chai Kericho na sielewi moshi unaingia hatua gani. (Kericho)

Unaingia mara mbili, kaka, na jengo ndilo mtambo wenyewe. Huitwa qinglou. Ni nyumba ya mbao ya ghorofa tatu, pengine nne. Chini kuna moto, ama juu ya udongo wa sakafu, ama katika matanuri yaliyo nje yanayopitisha moshi kwa mifereji chini ya sakafu. Ghorofa za juu hazina sakafu ya mbao zilizobanana: ni boriti zilizoachana, juu yake mikeka ya mwanzi. Kwa hiyo moto mmoja hufanya kazi mbili. Chini hukausha chai iliyokwisha kusokotwa, na joto lililobaki hupanda kunyausha majani mabichi. Tongmu mvua na ukungu havikatiki msimu wa kuchuma, jua la kunyaushia halipatikani vya kutosha, ndiyo sababu kazi ikaingia ndani.

Majani yenyewe si machipukizi machanga. Huchumwa mwanzoni mwa Mei yakiwa yamekomaa kidogo, kwa sababu chipukizi laini huungua na hubeba utamu mdogo. Hutandazwa juu kwa unene wa sentimita 10 hivi, joto karibu nyuzi 30, na kugeuzwa kila dakika 10 hadi 20. Yako tayari kikonyo kinapopinda bila kukatika na harufu ya nyasi mbichi imepungua. Hapo tayari moshi wa kwanza umeshapita katikati yake.

Husokotwa mpaka utomvu ulowanishe viganja, kisha hushindiliwa kapuni kwa kina cha sentimita 30 hadi 40, katikati hutobolewa tundu ili rundo lipumue, juu hufunikwa kitambaa kibichi. Saa 5 au 6 baadaye majani mengi yamekuwa rangi ya shaba. Tundu likisahaulika, moyo wa rundo hupata joto bila hewa na chai hutoka na uchachu usiofutika.

Inayofuata ni hatua ambayo kiwandani kwenu hamna: karai la chuma lenye joto la nyuzi 200. Kilo moja na nusu hadi mbili hukaangwa kwa mikono, dakika 2 au 3, kusimamisha papo hapo kuchacha kulikoanza kapuni. Pungufu ya hapo, majani huendelea kuchacha yakisubiri kukauka. Zaidi ya hapo, ncha huungua. Watengenezaji wengi siku hizi wameiruka, na kwa maoni yetu ni hasara, kwani sehemu ya ule utamu hupotea hapo.

Husokotwa tena kidogo, halafu hupangwa kwenye nyungo pana za mwanzi, kilo 2 hadi 2.5 kila mmoja, juu ya moto, saa 8 hadi 12. Mwanzoni moto huwa hai. Majani yakikaribia kukauka, kama sehemu nane kati ya kumi, miali huzimwa na kuni huachwa zifuke. Jani ambalo bado lina unyevu kidogo hunyonya moshi. Lililokauka kabisa huupata juujuu tu. Na haligeuzwi, maana ukiligusa msokoto hufunguka. Baada ya kuchambuliwa chai hurudishwa motoni mara moja tena, unyevu ushuke chini ya asilimia 8.

Kuni ni msonobari wa Masson, wenye utomvu mwingi, na lazima ziwe kavu. Kuni mbichi hutoa masizi na ukali unaokwaruza koo. Anayelinda moto halali usiku huo: miali ikiruka, si chai tu inayoungua, nyumba nzima ni mbao.

Kama ni chai maarufu hivyo, kwa nini mlisema inafifia? (Mombasa)

Kuni, kwanza. Eneo la Tongmu lilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1979, likaingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1999, na mwaka 2021 likawa rasmi hifadhi ya taifa. Kukata msonobari ndani yake ni marufuku. Zinazotoka nje nazo husafirishwa kwa masharti, kwa sababu ya mnyoo mdogo unaokausha misonobari na unaosafiri ndani ya magogo.

Ulaya, mnunuzi wa tangu zamani, imeweka kikomo cha antrakwinoni katika chai: miligramu 0.02 kwa kilo. Kemikali hiyo huzaliwa kuni zinapoungua, na chai ya moshi huvuka kikomo hicho kwa urahisi.

Lakini kilichoumiza zaidi ni pesa. Mwaka 2005 Tongmu ilitoa Jin Jun Mei, chai ya machipukizi matupu, haina moshi, na bei yake ni mara nyingi zaidi. Mkulima mwenye akili zake atakesha kwenye moshi kwa ajili gani?

Sisi Mufindi tuna chai na tuna misonobari. Tunaweza kujaribu? (Mafinga)

Mtapata chai iliyofukizwa, ila haitakuwa Zhengshan: chai ya chembechembe imeshakatwakatwa, na moshi huishika juu tu. Ni bora kupata majani yaliyosokotwa mazima. Msonobari wenu wa patula unafaa ukiwa mkavu wa miezi kadhaa. Msitumie mabaki ya mbao zilizotiwa dawa ya wadudu, hata kidogo. Mkaratusi nao muuache, hunukisha chai kama dawa ya kuchua.

Fanyeni nje ya nyumba. Vipande vya msonobari gramu 20 chini ya sufuria kuukuu, juu yake waya, juu ya waya chai gramu 50 kwenye kitambaa cha pamba. Moto mdogo hadi moshi uwe mwembamba, epueni, funikeni dakika 10, geuzeni, rudieni mara mbili. Moshi mzito mweupe maana yake moto umezidi au kuni ni mbichi. Epueni kabla haujaingia kwenye chai. Iacheni wazi usiku mmoja, kisha iwekeni mkebeni wiki nzima kabla ya kuonja, la sivyo mtaonja majivu.

Naweza kuitia maziwa na iliki? (Muscat)

Maziwa ndiyo. Moshi huu hauzimwi na maziwa, na ikiwa nzito pamoja na sukari huwa kama asali ya moshi. Iliki na tangawizi hapana: kila kimoja kitataka kusikika, na wewe hutasikia hata kimoja. Mkebe wake uweke peke yake, mbali na chai nyingine na mbali zaidi na mchele.