Maswali ya Wasomaji: Kuchangia Msimbo Kwenye Programu Huria

Barua za safari hii zimetoka Arusha na Moshi, na zote zinahusu kuchangia programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu.

Mhariri, shikamoo. Niko mwaka wa pili chuoni. Nilirekebisha kosa dogo kwenye programu moja huria, mistari mitatu tu ya JavaScript. Nilipotuma ombi la kazi yangu kuunganishwa kule GitHub, tovuti unakotunzwa mradi huo, likaonyesha nimebadilisha mistari 1,912. Msimamizi amelifunga, kasema tu lipunguzwe. Natumia Windows. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Sakina, Arusha*

Marahaba. Mistari yako mitatu huenda haina tatizo lolote. Wa kushukiwa kwanza ni miisho ya mistari. Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana, CR na LF, wakati miradi mingi huria hutumia LF peke yake. Kihariri chako kikihifadhi faili kwa mtindo wa Windows, Git, programu inayotunza historia ya msimbo, huona kila mstari umebadilika, hata ule ambao hukuugusa.

Hakikisha kwanza kabla ya kurekebisha. Andika `git diff --ignore-space-at-eol --stat HEAD~1`. Idadi ikishuka hadi ile mistari yako mitatu, umempata mchawi. Ikibaki kubwa, basi kihariri chako kina kipanga-msimbo, mfano Prettier, kinachojiendesha kila unapohifadhi, nacho kimebadilisha alama za nukuu na nafasi kwenye faili zima. Kizime kwa mradi huo, urudishe faili lilivyokuwa, kisha uandike upya mistari yako.

Kama ni miisho ya mistari, na badiliko lako ni moja tu kwenye historia, fungua tawi jipya, yaani mkondo wa kazi wa pembeni, kwa `git switch -c rekebisho-2`. Weka `git config core.autocrlf true`, ili Git igeuze miisho kuwa LF kila unapoikabidhi kazi kwa `git add`. Sasa andika `git reset HEAD~1`: badiliko litatenguliwa kwenye historia, lakini kazi yako itabaki kwenye faili. Ukitazama `git diff` utaona mistari mitatu. Malizia na `git add -p`, ambayo hukuonyesha kipande kimoja kimoja na kukuuliza. Jibu `y` kwa unachokitaka na `n` kwa kingine. Tunaishauri hata kwa wazoefu, maana hukulazimisha usome kazi yako mwenyewe kabla mtu mwingine hajaisoma.

Tuma tawi hilo jipya, fungua ombi jipya na utaje namba ya lile la zamani. Usilazimishe historia mpya juu ya tawi la zamani kwa `--force`: ombi lililofungwa likishafanyiwa hivyo, GitHub haikubali kulifungua tena.

Msimamizi hakukuonea. Mistari 1,912 ingeingia, `git blame`, inayotaja nani aligusa mstari upi mwisho, ingeonyesha jina lako kwenye karibu faili zima, na atakayetafuta mwakani kwa nini mstari fulani uliandikwa angefika kwako badala ya kwa mwandishi wake. Tena kila mtu mwenye ombi linalosubiri kwenye faili hilo angepata mgongano. Safari hii, juu ya ile mistari mitatu, ongeza jaribio moja linaloshindwa bila rekebisho lako na kufaulu likiwepo. Kwenye maelezo, mstari wa kwanza usizidi herufi 50 hivi, ruka mstari, kisha eleza kwa nini umebadilisha. Kilichobadilika wanakiona wenyewe.

Natumia bando la simu. Kila nikinakili mradi mkubwa, `git clone` inakatika njiani na kuanza upya, bando linaisha bure. Kuna njia?
*Msomaji, Majengo, Moshi*

Ipo. `git clone` haiwezi kuendelea pale ilipoishia, kwa hiyo dawa ni kuomba kidogo. Ukiandika `git clone --depth 1` na anwani ya mradi, unapata mafaili ya leo bila historia. Kwa mradi kama Linux, ambao historia yake ya Git inaanzia 2005 na ina uzito wa gigabaiti kadhaa, tofauti ni kubwa sana. Ukihitaji historia baadaye, ichote kidogo kidogo kwa `git fetch --deepen=100`; kila hatua iliyokamilika haipotei. Ipo pia `--filter=blob:none`, lakini hiyo huenda mtandaoni kila unapohitaji faili la zamani, kwa hiyo haimfai mtu wa bando.

Angalia pia vitegemezi, yaani programu nyingine ambazo mradi huhitaji ili ufanye kazi, maana mara nyingi ndivyo vinavyokula bando kuliko msimbo wenyewe. Hatua hiyo ifanye mara moja penye Wi-Fi, chuoni au ofisini. Kwa mradi wa Java unaotumia Maven, vikishaingia, `mvn -o test` hufanya majaribio bila mtandao. Kwa mradi wa JavaScript unaotumia npm, ongeza `--prefer-offline`. Wala usitegemee seva ya mradi ikufanyie majaribio: kwa mchangiaji mpya wa GitHub, mara nyingi hayaanzi mpaka msimamizi ayaruhusu.

Nimetuma rekebisho la Linux kwa barua pepe, siku ya nne leo, kimya. Nitume tena?
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Subiri. Mwongozo wa Linux unataka walau wiki moja kabla ya kukumbusha, na zaidi katika zile wiki mbili za kupokea mabadiliko ya toleo jipya. Wakati unasubiri, kagua ulichotuma. Je, uliandika kwenye Gmail ya kivinjari? Hiyo hugeuza tabo kuwa nafasi, na rekebisho halibandikiki tena. Barua yenye HTML, yaani yenye mapambo ya maandishi, ndiyo kabisa, orodha ya barua pepe ya Linux huikataa. Tumia `git send-email`. Je, ulipata majina ya wahusika kwa `scripts/get_maintainer.pl` na kupitisha kazi kwenye `scripts/checkpatch.pl`? Na mstari wa `Signed-off-by` upo? Huo huwekwa na `git commit -s`, nao ni kiapo kwamba una haki ya kutoa msimbo huo. Kama uliuandika ukiwa kazini, pata kwanza ruhusa ya mwajiri kwa maandishi.

Mimi ni mwalimu. Msimbo siujui, Kiswahili nakijua. Nikitafsiri programu, nitakuwa nimechangia?
*Mwalimu, Usa River*

Ndiyo, Mwalimu, tena unahitajika sana. Uliza kwanza kama yupo anayeshughulikia Kiswahili, ambacho alama yake ni `sw`, msije mkafanya kazi moja mara mbili. Miradi mingi huweka tafsiri kwenye mafaili ya `.po`. Juu ya faili weka `Plural-Forms: nplurals=2; plural=(n != 1);`, kisha umoja na wingi huandikwa hivi:

`msgstr[0] "Faili %d limefutwa"`
`msgstr[1] "Mafaili %d yamefutwa"`

Hiyo `%d` ndipo namba inapoingia, usiitafsiri, usiitenganishe. Ukimaliza, `msgfmt -c sw.po` hukuonyesha makosa ya namna hiyo kabla ya kutuma.

Kuna mahali utakwama, na kosa halitakuwa lako. Waandishi wa programu hupenda kuunganisha sentensi kwa vipande: `%s`, mahali jina linapoingia, halafu neno la kufutwa. Kwa Kiswahili mtumiaji *amefutwa*, kitabu *kimefutwa*, picha *imefutwa*; sentensi moja haiwatoshi wote. Usibandike "imefutwa" ukaendelea. Fungua taarifa ya kosa, onyesha mifano hiyo mitatu, na uombe kila kitu kipewe sentensi yake kamili ndani ya msimbo. Lugha nyingine za Kibantu, Kizulu kwa mfano, zitafaidika na rekebisho hilohilo.