Kubadili kazi baada ya programu kuchukua leja: jibu kwa aliyeuliza kama maana itapatikana

Ndugu yangu, umeeleza kwamba baada ya miaka mingi ya ukarani wa hesabu, ofisi yenu imeleta programu inayosoma ankara na kuzioanisha na malipo bila mkono wa mtu, na unauliza kama inafaa kuanza upya ukiwa mtu mzima, na kama kazi mpya itakuja kuwa na maana kwako. Nimepita njia hiyo hiyo. Nianze na jambo ambalo washauri wa ajira hulipita haraka: huzuni uliyo nayo ni ya haki, kwa sababu pamoja na mshahara unapoteza ujuzi uliokugharimu sehemu ya maisha yako.

Mtu wa nje hawezi kuijua raha ya kusaka kosa katika urari, yaani orodha ya kulinganisha pande mbili za hesabu, uliokataa kulingana. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, karani mzoefu hushuku mara moja kwamba kuna tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, kwa mfano 5,400 ikaandikwa 4,500, naye huacha kujumlisha upya na kwenda moja kwa moja kwenye maingizo ya namna hiyo. Programu iliyoletwa kwetu haikuwa na haja na ujuzi huo, kwa kuwa kosa lenyewe hailifanyi. Mabadiliko haya yana historia ndefu: VisiCalc, programu ya kompyuta ya kukokotoa majedwali, ilipoingia sokoni mwaka 1979, kazi ya kukokotoa upya jedwali zima kwa mkono kila takwimu moja inapobadilika ilianza kutoweka. Mwaka 2013, Carl Benedikt Frey na Michael Osborne wa Chuo Kikuu cha Oxford walikadiria kwamba asilimia 47 ya ajira za Marekani zilikuwa katika hatari kubwa ya kuchukuliwa na kompyuta, na makarani wa hesabu wakapewa uwezekano wa asilimia 98. Nambari hiyo ilinikosesha usingizi, mpaka nilipoelewa kwamba ilihusu yale ambayo teknolojia ingeweza kuyafanya, na haikuwa hesabu ya watu watakaoachishwa kazi.

Kilichonitoa gizani ni kujiuliza watu walikuwa wakinitegemea kwa lipi. Muda mfupi baada ya programu kuanza kutumika, msambazaji mmoja alituma ankara ile ile mara mbili, ya pili ikiwa na kistari katikati ya namba yake. Programu iliona ankara mbili tofauti na kuziidhinisha zote. Niligundua kwa sababu nilimfahamu msambazaji huyo, nilijua kwamba hakuwahi kutuuzia mzigo mkubwa kiasi hicho katika mwezi mmoja, na mimi ndiye niliyempigia simu tukasawazisha jambo hilo kwa heshima. Sikatai kwamba programu inaweza kurekebishwa ili kistari kisiipoteze tena. Lakini siku ile nilitambua kwamba sehemu ya kazi niliyoipenda kwa dhati ilikuwa kuwa mtu anayesimama na kusema, "Hesabu hizi nimezikagua, niulizeni mimi."

Kwa hiyo nilipohama sikwenda mbali. Nilijifunza uchambuzi wa mtiririko wa fedha, na sasa ninawashauri wenye biashara ndogo ambao ripoti zao hutolewa na programu zikiwa sahihi kabisa, ila wenyewe hawajui wazifanyie nini. Mara nyingi mtu huja akiwa amefadhaika, karatasi inaonyesha faida ilhali benki hakuna kitu, na anaamini kwamba anaibiwa. Tunakaa pamoja, ninamwonyesha kwamba faida hiyo imelala katika madeni ya wateja wake na katika bidhaa zilizojaa ghalani, kisha tunaamua pamoja ni mteja yupi adaiwe kwanza na kwa maneno gani. Uso wake ukianza kulegea, ninajua nimefanya kazi.

Usitarajie hali hiyo mapema. Mwanzoni nilijiona sina thamani, kwa kuwa mgeni wa kazi hutumia nguvu zake zote kuepuka makosa na habakiwi na nafasi ya kuona anamsaidia nani. Mwaka 1997, Amy Wrzesniewski na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba hata miongoni mwa wasaidizi wa ofisi wenye majukumu yanayofanana, takriban theluthi moja waliiona kazi yao kama njia ya kipato tu, theluthi nyingine kama ngazi ya kupanda cheo, na waliosalia kama wito. Ninauamini utafiti huo kwa sababu mimi mwenyewe nimeiona kazi moja kwa macho hayo yote matatu, kwa nyakati tofauti, na kipindi cha kufanya kazi kwa ajili ya kipato tu hakina aibu yoyote, familia inakula.

Usiandike barua ya kuacha kazi sasa. Kwa wiki chache, andika kila swali ambalo wenzako wanakuletea mezani ingawa programu ipo: anayetaka kujua kama mteja fulani ni wa kuaminika, anayeogopa kumweleza mkuu wake kwamba bajeti imepita, asiyeelewa kwa nini malipo yamezuiwa. Ukiwa na orodha hiyo, iweke hapa bila kutaja majina, nami nitakueleza ni kozi zipi zinazolingana nayo na zipi zitakupotezea fedha.