Wanangu wanataka nihame, mimi sitaki

SWALI: Nina miaka 76, ni mjane, naishi peke yangu. Masikio yalianza kufifia zamani, navaa kifaa cha kusikia. Mwaka jana macho nayo yakaingia ukungu, na tangu hapo nasikia vibaya zaidi, ingawa kifaa kimepimwa na ni kizima. Majuzi mwanangu alibisha hodi karibu nusu saa, nami nimo ndani. Sasa wanataka nihamie kwao. Nyumba hii naijua hata gizani. Je, kukataa ni ukaidi?
Mama wa watatu

JIBU: Shikamoo, Mama. Si ukaidi. Mimi mwenyewe glakoma (presha ya macho) imenila macho pembeni, navaa vifaa masikio yote mawili, na bado naishi peke yangu.

Nianze na hilo la kusikia vibaya zaidi, maana mimi pia lilinitoa machozi. Miaka yote ulikuwa unasikia kwa macho bila kujua. Uzee huondoa kwanza sauti nyembamba, kama s, f na t, hata "saa" na "faa" zikawa kitu kimoja. Midomo ya msemaji ndiyo iliyokuwa ikikujazia pengo. Ukungu umeifunika. Kwa hiyo kabla ya habari za kuhama, nenda kwa daktari wa macho. Kama ni mtoto wa jicho, huondolewa kwa upasuaji mfupi, na ukiziona nyuso tena, mazungumzo nayo yatakurudia. Kama ni glakoma, kilichopotea hakirudi, ila matone husaidia kulinda kilichobaki. Usikawie.

Wanao nao wana la kujifunza. Wakuguse bega kwanza, wakae mwanga ukiwapiga usoni, dirisha likiwa mgongoni kwako. Wasipige kelele, kwani kelele hupotosha midomo na maneno pia. Neno likikataa kabisa, waliandike kwa kidole kiganjani mwako, herufi kubwa moja moja. Wangu waliona haya mwanzoni. Sasa hata mjukuu wangu ananiandikia.

Nyumbani, mikono ndiyo itakayokuongoza. Swichi ya jiko langu ina tone la gundi lililokauka pale moto unapozimika. Chupa ya dawa ya asubuhi imevishwa mpira mmoja, ya usiku miwili. Kikombe cheupe nakiweka juu ya kitambaa cheusi ili nikione. Ziko kengele za mlango zinazotetemesha kifaa cha mfukoni, na ving'ora vya moshi vinavyotikisa mto ukiwa umelala. Hicho cha moshi usikiache, hata kama vingine vitasubiri.

Hofu ya wanao ni ya kweli, Mama, usiibeze. Mimi na binti yangu tulikubaliana hivi: kila siku saa moja asubuhi simu yangu inatetemeka, namjibu kwa neno moja. Ikifika saa mbili sijajibu, anakuja na kufungua mwenyewe. Mwanao aliyesimama mlangoni nusu saa, mpe ufunguo wiki hii.